Ukikimbia marathoni, haya ndiyo hutokea kwenye damu yako

Umejisajili kwa mbio za kilomita 42? Basi jua kwamba miguu ikianza kuwaka, seli zako nazo ziko kazini.

Joto na uchovu huharibu umbo la protini mwilini. Ili kujiokoa, seli hutengeneza protini za msongo, ambazo ni kama mafundi wa jua kali: zinanyoosha zilizopinda na kushikilia zinazotaka kuharibika. Dalili zao za kwanza ziliripotiwa mwaka 1962 na Mwitaliano Ferruccio Ritossa, aliyeona seli za nzi wa matunda zikibadilika baada ya kupashwa joto.

Mmoja wa mafundi hao huitwa HSP72. Baada ya marathoni, kiwango chake kwenye damu hupanda. Mazoezi yakiwa marefu na makali, hupanda zaidi. Na si misuli pekee inayohusika. Hata ini huimwaga kwenye damu.

Je, uogope? Hapana. Huo ni mwili unajipanga. Ukifanya mazoezi kwa wiki nyingi, seli hujiwekea akiba ya protini hizi na kuzoea joto.

Noma ni kuruka kutoka kilomita 5 hadi 42 eti kwa sababu mabeshte wamejisajili. Akiba huna, na misuli inaweza kuvunjika vibaya hadi figo zilemewe. Ukiona mkojo wa rangi ya soda nyeusi baada ya mbio, usingoje kesho. Enda hospitali.