Leseni mpya, lami ndefu: kwa nini macho ya dereva mgeni humdanganya

Mpwa wangu alijifunzia gari Malampaka, kwetu mkoani Simiyu, kwenye changarawe na vumbi. Wiki ile aliyokabidhiwa leseni ya daraja D aliniomba nikae naye kiti cha kushoto mpaka Lamadi. Nikakubali, maana nilijua siku moja ataondoka bila mimi. Tulitoka asubuhi jua halijakolea, tukapita mashimo na makorongo aliyokwisha kuyakariri. Gia alizipanga vizuri. Mikokoteni ya maksai aliipisha bila papara. Kwa mwendo wa kilomita 35 au 40 kwa saa, kijana yule alikuwa dereva.

Kisha tukaingia lami upande wa Maswa.

"Mjomba, sikia gari lilivyotulia," akasema, na kweli lilikuwa limetulia. Kelele za kokoto chini ya bodi zilikoma, usukani ukaacha kutetemeka, vumbi likabaki nyuma. Baada ya dakika kama kumi nikamwuliza: bila kuangalia mshale, tunakwenda ngapi?

"Sabini, mjomba. Ikizidi sana, sabini na tano."

Mshale ulikuwa kwenye 96.

Hakuwa ananificha kitu. Mwili wake ndio uliomdanganya, na hata wa dereva mzoefu hudanganya vivyo hivyo, ila mzoefu amekwisha kuujua uongo huo. Binadamu hana kiungo cha kupimia mwendo. Ndani ya sikio kuna mirija yenye majimaji na chembe ndogo mfano wa vijiwe, ambavyo huhisi mwendo unapobadilika: gari linapoondoka, linaposhika breki, linapokata kona. Mwendo ukishakuwa mmoja, sikio linanyamaza. Ubongo unabaki kukisia kwa kelele, kwa mtikisiko na kwa jinsi miti na nguzo zinavyokimbia pembeni mwa jicho. Kwenye changarawe kelele na mtikisiko vipo tele, hata mwendo wa 40 unatisha. Kwenye lami mpya na gari lililofungwa vioo, vyote viwili vinatoweka, na dereva hudhani anakwenda polepole kuliko anavyokwenda.

Jambo hilo lina upande wake wa pili. Ukishakaa kwenye 90 au 100 kwa nusu saa, macho yanazoea, na ukishuka hadi 50 unaona kama unatembea kwa miguu. Hapo ndipo dereva mgeni anapoingia mjini Bariadi akiamini amepunguza, kumbe bado yuko 70 katikati ya bodaboda, wanafunzi na akina mama wenye ndoo kichwani. Sheria yetu inataka mwendo usiozidi 50 kwenye makazi. Macho peke yake hayawezi kuitii sheria hiyo. Mshale unaweza, kama dereva anautazama.

Mita zinazoliwa kabla ya breki

Kutoka 40 kwenda 80 mwendo umezidi mara mbili, lakini nishati iliyobebwa na gari imezidi mara nne, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili. Breki lazima ziimeze nishati hiyo yote. Zisipoweza, itamezwa na bati la gari, na ng'ombe, na kifua cha aliyeshika usukani.

Tufanye hesabu kwa gari dogo lenye tairi nzuri kwenye lami kavu. Dereva akiona hatari, huchukua kama sekunde moja na nusu kutambua, kuamua na kuhamisha mguu kutoka mafuta kwenda breki. Kwa mwendo wa 40, gari limekwenda mita 17 kabla breki haijaguswa, na mita nyingine 9 kabla ya kusimama. Jumla ni mita 26. Kwa 80, jumla inakaribia mita 70. Kwa 100 inafika karibu mita 98, yaani urefu wa uwanja wa mpira, goli hadi goli. Lami ikilowa, uwanja hautoshi tena, zinahitajika mita kama 140.

Na mvua ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Kwa miezi ya kiangazi lami inakusanya vumbi, mafuta yaliyodondoka na masalia ya mpira wa tairi. Manyunyu ya mwanzo yanavikoroga vyote hivyo kuwa utelezi kabla mvua kubwa haijauosha. Kwetu Simiyu unaongezeka udongo mweusi wa mbugani, ambao magari na mikokoteni huubeba kwenye tairi na kuuacha barabarani kila njia ya vumbi inapokutana na lami. Dereva mwenye tairi kipara katika siku hiyo hana breki, hata kama fundi alimfungia mpya jana.

Mambo haya hayamo katika yale mpwa wangu aliyoyafanyia mazoezi. Alijifunza kusimamisha gari pale alipoambiwa asimame. Hakujifunza kusimama pale ndama anapokatiza.

Barabara kuu ya kwetu si barabara ya magari peke yake

Uingereza, wanafunzi wa udereva hawakuruhusiwa kabisa kwenye barabara zao za mwendo kasi hadi Juni 4, 2018, walipokubaliwa kuingia wakiwa na mwalimu aliyeidhinishwa na gari lenye pedali za mwalimu. Na hizo ni barabara ambazo magari yanayokwenda na yanayokuja yametenganishwa, hakuna baiskeli, hakuna mtembea kwa miguu, hakuna njia panda. Kwa wenzetu wa Kenya, barabara ya juu ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2022 inafanana na hizo. Uganda wanayo ya kwenda Entebbe, iliyofunguliwa 2018.

Lami inayotoka Mwigumbi kwenye njia kuu ya Shinyanga na Mwanza, ikapita Maswa na Bariadi hadi kuikuta barabara ya Musoma pale Lamadi, ni kitu kingine kabisa. Ni takriban kilomita 170, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na katikati yake hakuna kinachowatenganisha wanaokuja na wanaokwenda isipokuwa mstari wa rangi. Siku ya mnada ng'ombe wanapita makundi kwa makundi. Msimu wa pamba malori yanatoka yamefungashwa hadi juu ya kabini. Baiskeli inabeba mkaa upana wa mita nzima. Basi liko nyuma yako linawasha taa kukutaka upishe. Dereva wa mwezi mmoja anatakiwa kuyasoma yote hayo kwa wakati mmoja.

Hayasomi. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Ohio nchini Marekani, Ronald Mourant na Thomas Rockwell, walifuatilia mizunguko ya macho ya madereva wapya na wazoefu barabarani. Wapya walitazama eneo dogo, karibu na pua ya gari, na vioo vya kuangalia nyuma walivigusa kwa nadra. Wazoefu walitupa macho mbali, wakayazungusha huku na huku. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha mwelekeo uleule.

Sababu si uzembe. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo mno: nyoosha mkono mbele yako, utazame ukucha wa dole gumba. Kinachoonekana kwa usahihi kamili ni kama upana wa ukucha huo. Kingine chote ubongo unakijazia kwa kuhamisha jicho kutoka hapa hadi pale. Kuhamisha huko kunahitaji akili iliyo huru, na akili ya dereva mgeni haiko huru, imeshikwa na klachi, gia, na kuhakikisha tairi la kushoto haliangukii nje ya lami. Kazi hizo zikishahamia kwenye mazoea ya mwili, kama mtu anavyotwanga huku anazungumza, ndipo macho yanapofunguliwa. Hiyo huchukua miezi na maelfu ya kilomita. Ndiyo maana nchi zinazoweka kumbukumbu nzuri huona hatari ya ajali ikiwa kubwa kupita kiasi katika miezi ya mwanzo baada ya leseni, kisha ikashuka kwa haraka.

Karibu na Bariadi tulikuta semitrela. Mpwa wangu akawasha indiketa ya kulia na kuchungulia. Mbele, mbali, kulikuwa na gari dogo jeupe. "Bado liko mbali, mjomba." Nikamwambia asubiri, naye akarudi nyuma ya lori bila kununa. Gari lile jeupe likatupita likivuma wakati ambapo, kama angeingia, tungekuwa tumefika usawa wa matairi ya kati ya tela.

Nataka msomaji akae na hesabu hii, maana naamini ndiyo inayoua zaidi. Lori linakwenda 80, wewe unakwenda 100. Unalizidi kwa mita tano na nusu tu kwa kila sekunde. Ili utoke mita 20 nyuma yake, upite urefu wake wa mita 18, kisha uingie mita 20 mbele yake, unahitaji kama sekunde 11. Katika sekunde hizo umekwenda mita 300. Anayekuja naye, akiwa kwenye 100, amekula mita 300 nyingine. Unahitaji lami tupu ya zaidi ya mita 600, viwanja sita vya mpira vilivyopangwa mstari mmoja. Kukiwa na kilima au kona kabla ya hapo, jibu ni hapana.

Na kwa umbali huo jicho halina msaada. Gari linalokuja moja kwa moja halikimbii kushoto wala kulia kwenye mboni, linakua tu. Likiwa mita 600 linakua taratibu kiasi kwamba linaonekana kama limesimama. Likifika karibu linavimba ghafla, na hapo muda umekwisha. Ubongo hauwezi kukisia mwendo wake. Kwa hiyo dereva mgeni asijiulize "linakuja kasi gani?", aamini tu kwamba linakuja kasi.

Usiku mambo yote haya yanazidi. Taa za chini humulika vizuri mita 40 hadi 60 hivi, na tumeona kwamba kwa mwendo wa 80 gari linahitaji karibu 70 kusimama. Maana yake dereva anaendesha ndani ya giza asilolijua. Mkokoteni hauna taa, ng'ombe mweusi harudishi mwanga. Ukipigwa taa kali (full) na gari linalokuja, macho hubaki na upofu kwa sekunde kadhaa, na kila sekunde moja ni mita 22. Elekeza macho kwenye ukingo wa kushoto wa lami, punguza mwendo, usilipize kwa full yako.

Usingizi nao una saa zake. Mwili hulegea sana kati ya saa nane na saa kumi, usiku na vilevile mchana baada ya chakula. Kufumba macho kwa sekunde nne tu kwenye 100 ni mita 111 bila dereva. Kufungua kioo na kuongeza redio havitibu. Kinachotibu ni kuegesha mahali salama na kulala dakika 15 au 20.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko ajali hizo. Huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na una kinga yake. Mkanda hupunguza karibu nusu ya hatari ya kifo kwa waliokaa mbele, na abiria wa nyuma naye anauhitaji. Kuzungumza na simu huongeza hatari ya ajali kama mara nne.

Kinga nyingine ni kumkabidhi dereva barabara kidogo kidogo. New Zealand ilianza mwaka 1987: mwenye leseni mpya hakuruhusiwa kuendesha peke yake usiku wa manane wala kubeba vijana wenzake bila mzoefu garini. Nchi nyingine zikafuata, na vifo vya vijana barabarani vikapungua. Kwetu, kijana wa miaka 18 akipata leseni leo asubuhi, usiku huu anaweza kuwapeleka rafiki zake wanne harusini Mwanza, na hakuna askari wa trafiki wa kumzuia. Naona hilo ni kosa, na wabunge wanaweza kulirekebisha.

Lakini hatuna sababu ya kusubiri Bunge. Mzazi au mjomba mwenye gari ndiye mwenye ufunguo. Kama kijana wako amepata leseni mwezi huu, mpeleke lami mchana, siku isiyo ya mnada, bila rafiki zake. Mwekee 80 kuwa kikomo. Mtake akutajie kwa sauti anachokiona mbali: "Ng'ombe kulia, baiskeli, basi nyuma." Akinyamaza, ujue macho yamerudi kwenye pua ya gari. Mfanye aukisie mwendo kabla ya kuutazama mshale. Asilipite lori hata moja hadi utakapomwambia, na utakapomwambia, pima naye kwanza hizo mita 600. Kaa naye kiti cha kushoto kwa kilomita elfu moja za mwanzo. Malampaka hadi Lamadi na kurudi mnaweza kwenda asubuhi na kulala nyumbani.