Usimuulize Kijana Picha Yake Ina Ujumbe Gani

Wazazi huuliza kwa nini mtoto aliyekuwa akichafua kuta kwa michoro ya mkaa huacha kuchora akifika miaka 12 au 13. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1947. Mtoto mdogo huchora anachokijua. Akikaribia kubalehe, huanza kulinganisha mchoro wake na kitu chenyewe, na wakati huo jicho limeshautangulia mkono. Anaona vidole alivyochora vimekaa kama meno ya reki, anafuta mpaka karatasi inatoboka, kisha anasema hajui kuchora.

Hapo sisi walimu tunamharibia zaidi. Tunampa mada ya mashindano, mazingira au dawa za kulevya, na kumtaka aseme ujumbe kabla hajashika penseli. Kijana wa miaka 15 hana ujumbe ulio tayari. Ana jambo linalomkera au kumgusa, asiloweza bado kulisema.

Tuseme msichana anamchora bibi yake. Macho yanamshinda, anayaacha, anahamia kwenye mikono. Mishipa, kucha zilizokatika, kovu la moto wa jikoni. Mikono inazidi kukua mpaka inakula nusu ya karatasi. Anaitazama, halafu anaufuta uso wote. Sasa amejua anachotaka kusema juu ya bibi yake, na amekijua kwa kuchora.

Kwa Lowenfeld mwenyewe ilikuwa hivyo: John Biggers, kijana Mweusi wa Marekani, alifika chuo cha Hampton, Virginia, mwaka 1941, akiwa na miaka 17, ili asomee ufundi bomba. Akajiunga na darasa la jioni la Lowenfeld huyohuyo, Myahudi aliyekuwa amewakimbia Wanazi. Mwalimu huyo aliwataka vijana wale Weusi wachore maisha waliyoyajua wao wenyewe. Mwaka 1943 mchoro mkubwa wa Biggers, askari anayekufa huku kumbukumbu za maisha yake zikimzunguka, ulioneshwa katika Museum of Modern Art, New York. Mabomba aliyaacha, akawa mchoraji na mwalimu wa sanaa.

Mzazi mwenzangu, ukimkuta mwanao anachora, muulize alianzia wapi, alibadilisha nini njiani na kwa nini. Akikwama, mpe karatasi nyingine.