Je, Wajua? Uchachu wa Rasamu Ulitoka Afrika

Mkwaju ni mti wa Afrika. Wengi hudhani umetoka India, kumbe ulivuka bahari kwenda huko karne nyingi zilizopita. Leo ukwaju ndio unaoipa uchachu rasamu, supu nyepesi ya India Kusini inayomiminwa juu ya wali. Mbaazi, ambazo nazo huingia katika rasamu, zilisafiri kinyume: zilianzia India, zikaja kwetu. Sasa mbaazi za Tanzania hurudi huko kwa meli, na India ilipobana ununuzi Agosti 2017, bei ya mkulima ilianguka. Basi tusiite rasamu chakula cha kigeni hapa kijijini Chekereni. Mchele wake umelimwa papo hapo, kwenye majaruba ya Lower Moshi, mradi wa umwagiliaji uliokamilika 1987 kwa msaada wa Japani.

Yupo atakayesema limau linatosha. Halitoshi. Limau hutiwa baada ya kuepua, kwani likichemka sana huleta uchungu. Ukwaju huchemka na viungo na ukali wake ukabaki. Uloweke kwa maji moto, ukamue, uchuje. Chemsha maji hayo na nyanya, manjano na chumvi mpaka harufu mbichi iishe. Tia mbaazi zilizokobolewa, zilizoiva na kupondwa, kisha pilipili manga, bizari nyembamba na kitunguu saumu vilivyotwangwa. Povu likipanda tu, epua. Ikitokota zaidi, harufu nzuri huondoka na mvuke. Mgeni wa kweli chunguni ni nyanya, iliyotoka Amerika. Waweza kuiacha.