Skauti Anayetazama Shingo

Mpira ulikuwa kwenye kibendera cha kona na uwanja mzima umegeukia huko. Mtu mmoja tu pale Camp Toyoyo, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Buruburu jijini Nairobi, alikuwa amekodoa macho katikati ya uwanja, mahali ambapo hapakuwa na lolote. Nilikwenda kutazama mechi ya vijana. Nikaishia kumtazama yeye.

Ni skauti. Hakutaka jina lake lichapishwe, maana kazi yake ina ushindani mkali. Vijana humwita Kocha, nami nitamwita hivyo.

Alichokuwa akitazama ni shingo ya kiungo aliyevaa jezi namba 8, mvulana mwembamba wa miaka 15. Aliniomba niuache mpira kwa muda, nimfuate kijana huyo peke yake, nihesabu anageuza kichwa mara ngapi kabla pasi haijamfikia. Wenzake waliusubiri mpira kama wanaosubiri sahani ya chakula. Yeye alitupa jicho juu ya bega la kushoto, akalitupa juu ya la kulia, akaurudia mpira, kisha bega la kushoto tena. Ulipomgusa mguu alikwisha kujua pa kuupeleka. Mguso mmoja, gozi likaenda zake upande wa pili, na beki aliyekuwa akimjia mbio akabaki anakaba hewa. Hakuna aliyepiga makofi. Kocha aliinamia daftari lake la kurasa za mistari akachora alama.

Kwa maelezo yake, chenga hufundishwa, kasi huja na mwili, pumzi hutafutwa mazoezini. Ila mtoto asiyeangalia nyuma yake akiwa na miaka 13 ni nadra aanze akiwa na 18. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alipekua video za viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza akihesabu jambo hilohilo, akakuta kwamba wanaotazama mara nyingi zaidi ndio ambao pasi zao hufika. Kocha hakuhitaji video. Anaamini ni mtaa uliomfunza kijana yule: ukicheza katikati ya nyumba, bodaboda zikikatiza na watoto chungu nzima wakigombea mpira mmoja, asiyegeuka hugongwa. Na hapo huzuni humwingia, kwa sababu nafasi nyingi za namna hiyo Buruburu sasa ni maduka na vyumba vya kupangisha.

Daftarini haandiki mabao. Huandika kijana anafanya nini mara tu anapopoteza mpira, na humtazama nani anapokosea.

Lakini daftari hilo halina uzito mbele ya FIFA. Kanuni zinakataza kijana kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Kwa hiyo namba 8 ana miaka mitatu ya kungoja, na njumu zake, niliona, zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Kanuni hizohizo zinasema asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu miaka 12 hadi 23. Southampton ilipomnunua kiungo Mkenya Victor Wanyama kutoka Celtic mwaka 2013, magazeti yalitaja pauni milioni 12.5. Katika bei kama hiyo, klabu iliyomlea kijana kwa mwaka mmoja tu, alipokuwa na miaka 14, inastahili pauni 31,250, takriban shilingi milioni 4 za wakati ule. Kwa timu ya mtaa hizo ni jezi, mipira na nauli za miaka mingi.

Sharti ni kwamba klabu iwe imesajiliwa na shirikisho la soka la nchi yake, na mchezaji awe kwenye rekodi za shirikisho hilo. Timu ya namba 8 haimo. Mwalimu anayewafunza jioni baada ya kazi, akinunua maji kwa pesa zake, hayumo popote. Je, skauti anayelijua hilo anyamaze hadi klabu kubwa imchukue kijana? Kocha anasema wapo wanaofanya hivyo, nami nikamuuliza kama yeye amewahi. Alitazama uwanjani, asinijibu.

Kipenga cha mwisho kilipolia alimfuata mwalimu yule akamsihi apeleke majina ya vijana yasajiliwe. Aliambiwa watafanya hivyo msimu ujao, wakipata ada. Wakati huo namba 8 atakuwa na miaka 16, na miaka yote aliyolelewa hapo itakuwa haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.