Kwa nini unanenepa kwa ugali uleule aliokula bibi yako Uluguru?

Asubuhi Morogoro mjini utawaona kina mama wa Kiluguru wakishuka kutoka milimani, ndizi na mboga kichwani. Wakishauza, wengi wanapandisha tena mlima kwa miguu. Nyumbani wanakula ugali na maharage, na kitambi hawana.

Mjukuu aliyehamia mjini anakula ugali uleule. Ila yeye anapanda bodaboda, anashinda amekaa dukani, na jioni anapitia chipsi mayai na soda. Soda ya mililita 350 ina kama gramu 35 za sukari, vijiko vya chai vinane hivi. Ziada yote mwili unaigeuza mafuta na kuitunza.

Na sisi tunasifia! "Mji umemkubali." Akipungua, tunanong'ona anaumwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100, wa miaka 15 hadi 49, wamezidi uzito.

Usimwite mtu mvivu, lakini. Wapo waliorithi, wapo wanaokosa usingizi, na baadhi ya dawa, kama za steroidi, zinanenepesha.

Jipime: gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mwenye kilo 80 na mita 1.60 anapata 31. Kuanzia 30 ni unene wa kutibiwa.

Habari njema ni kwamba huyo hahitaji kurudi kilo 55. Akipunguza hata kilo 4 hadi 8, presha na sukari zinaweza kushuka. Aanze na soda, apunguze mafuta, ajaze nusu ya sahani mchicha au majani ya maboga, apandishe kwa miguu hadi Rock Garden. Taratibu, kwa sababu mwili ukipoteza uzito unaongeza njaa ili uurudishe. Ndiyo maana "diet" ya wiki mbili hurudisha kilo zote.

Ikishindikana, nenda hospitali. Kuna dawa za kuandikiwa na daktari, na Mloganzila, Dar es Salaam, wanaweka puto tumboni na kufanya upasuaji. Kama unatumia dawa za kisukari, muone daktari kabla ya kupunguza chakula, sukari isije ikashuka ghafla.

Na ile chai ya kukata tumbo inayouzwa WhatsApp? Nyingi ni za kuharisha tu. Kilo mbili zilizopungua ni maji, na ukinywa maji zinarudi.