Je, Wajua? Mbwa dume anayejikojolea

Je, wajua kuwa mbwa dume anayeinua mguu kwenye kila mgomba hapa Tukuyu haumwi? Anaweka alama zake. Wa kumtilia shaka ni yule anayeamka na kuacha pale alipolala pamelowa, naye hana habari.

Je, wajua kuwa mbwa mchanga anayelala chali na kukojoa mbele ya bwana wake anaonyesha unyenyekevu? Ukimchapa, atazidi.

Je, wajua kuwa wapo wanaozaliwa na hitilafu? Mrija utokao kwenye figo humwaga mkojo chini ya kibofu badala ya ndani yake. Majike huathirika zaidi. Dume ana njia ndefu ya mkojo, hivyo huweza kukua bila kuvuja na tatizo likachelewa kujulikana. Tiba ni upasuaji, ingawa wengine huendelea kuvuja hata baada yake.

Je, wajua kuwa uume wa mbwa una mfupa? Kijiwe cha mkojo hupenda kukwama nyuma yake. Akijikamua na kutoa matone tu, usingoje kesho: kibofu kinaweza kupasuka.

Je, wajua kuwa mbwa wa kilo 15 anayekunywa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku ana kiu isiyo ya kawaida? Huenda ni figo au kisukari. Usimnyime maji ili asikojoe.

Je, wajua kuwa uchunguzi huanza na kikopo safi? Kinga mkojo wa asubuhi, uufikishe kwa daktari wa mifugo mapema, kabla ya kumpa antibayotiki yoyote. Kipimo kikubwa kama ultrasaundi huja baadaye.

Je, wajua kuwa dawa ya kukaza misuli ya njia ya mkojo, fenilpropanolamini, huwasaidia majike kuliko madume?

Je, wajua kuwa ibuprofeni ya binadamu huweza kuua figo za mbwa?

Je, wajua kuwa mkojo wa mbwa huweza kubeba homa ya mgunda? Vimelea vyake hudumu kwenye udongo wenye unyevu, na hapa wilayani Rungwe mvua haiishi. Julai 2022 homa hiyo iliua watu 3 Ruangwa, mkoani Lindi. Vaa glavu unapofua matandiko ya mbwa wako.