Mzigo Uko Njiani: Namna Wagogo Wanavyochagua Chombo cha Safari

Mtu wa Mpwayungu, kusini mwa wilaya ya Chamwino, akitaka kwenda Dar es Salaam leo ana njia nyingi ambazo babu yake hakuwa nazo. Basi la kijijini linamchukua alfajiri, giza bado. Akishafika Dodoma mjini atachagua mwenyewe: basi kubwa la stendi ya Nanenane, treni ya umeme, treni ya zamani ya reli ya kati kama siku yake imefika, au ndege kama mfuko unaruhusu. Mgeni wa Dodoma hudhani kinachoamua hapo ni nauli na muda. Mgogo, mwenyeji wa huko, huanza kwingine kabisa, na majirani zake Warangi wa Kondoa na Wakaguru wa milimani hawako mbali naye katika hili. Anakwenda kwa nani? Amebeba nini? Njiani anapita kwa nani? Haya yakishajulikana, chombo hujichagua chenyewe, na nauli itatafutwa.

Tabia hii imezaliwa na nchi yenyewe. Uwanda wa kati wa Tanzania uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni upepo, vumbi na mito ya mchanga. Katika nchi ya namna hiyo, umbali haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa visima, na kila kisima kina mwenyewe.

Watu wa misafara ya karne ya 19 walilijua hilo kwa koo zao. Njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, nchi iliyolindwa pande mbili na nyika kavu: Marenga Mkali upande wa mashariki na Mgunda Mkali upande wa magharibi. Aliyevuka Marenga Mkali alifika Ugogo akiwa na kiu, na hapo alikutana na mtemi aliyedai hongo: vitambaa, shanga, waya, wakati mwingine majembe. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na wote walinung'unika sana katika vitabu vyao. Burton alimwandika mtemi Magomba wa Kanyenye kama mtu asiyeshiba. Mimi nadhani walinung'unika hivyo kwa sababu hawakuwa wamechimba visima. Maji yale ya kiangazi yalichimbwa kwa mikono, yakawatosha wenyeji na ng'ombe wao kwa kubana, kisha ghafla watu mia kadhaa wanatua na punda na mizigo na kuyamaliza kwa siku mbili. Hongo ilikuwa bei ya maji na chakula, hata kama watemi wengine waliikuza kuliko ilivyostahili. Aliyekuja na salamu na zawadi alipita. Aliyetaka kupita kimyakimya ndiye aliyepata taabu.

Desturi ya kutopita kimyakimya imebaki. Kijijini, kuipita kaya ya mtu unayemfahamu bila kusema "Mbukwenyi" ni dharau, na habari ya dharau hiyo itafika nyumbani kwako kabla yako. Ndiyo maana watu wazima wa Ugogo hawakupenda sana vyombo visivyosimama. Reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, ilikubalika upesi kwa sababu ilikuwa na vituo vingi: Godegode, Gulwe, Msagali, Igandu, Kikombo, Ihumwa, kisha baada ya Dodoma ni Zuzu, Kigwe, Bahi na kuendelea hadi Manyoni. Karibu kila ukoo ulikuwa na mtu jirani na kituo fulani. Mtu aliyekuwa akienda Manyoni aliweza kushuka Kigwe, akalala kwa shangazi siku mbili, akaendelea na treni nyingine. Hakuna aliyemwita mchelewaji.

Safari iliyowafunza Wagogo kuchagua njia kuliko zote, hata hivyo, ni kuhemea. Mvua ikikata na uwele ukikauka shambani, mtu huenda kutafuta chakula mahali kinapopatikana: kwa Wakaguru milimani, Urangi, Uhehe, au Unyamwezi. Siku hizi watu wa mjini hulitamka neno hilo kwa kebehi, kana kwamba ni kuomba. Kuhemea kwenyewe kulikuwa na taratibu zake. Mtu hakuondoka mikono mitupu, alikwenda na mbuzi, ngozi, chumvi au nguvu zake za kulima. Hakwenda popote tu, bali alifuata ukoo: kwa wajomba, kwa waliooana nao, kwa watani. Na aliyepokewa mwaka huu alijua kwamba mwaka mwingine mwenyeji wake ndiye atakayeshuka uwandani na kumgongea mlango. Familia yenye akili ilikuwa na ndugu katika pande mbili au tatu zenye mvua tofauti, na ng'ombe wake wengine ilikuwa imewakabidhi kwa marafiki wa mbali, ili ukame usiwakute wote zizi moja. Ndoa nazo ziliangalia hilo. Binti aliyeolewa mbali alilia siku ya harusi, lakini wazee walikuwa wamejiwekea akiba.

Kilichoivunja hesabu hiyo ni Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka na kuwabeba vijana wawe wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Safari hiyo hakukuwa na upande wa kukimbilia, maana majirani nao walikuwa wameporwa. Watu waliifuata reli, wakafia kandokando yake. Hata sasa wazee wakisimulia ukoo wao, utasikia fulani "alikwenda wakati wa Mtunya", na anayesikiliza hahitaji kuambiwa kama alirudi.

Leo kuhemea kunafanywa kwa simu. Kijana wa Dar es Salaam anatuma pesa, mama ananunua debe la mahindi gulioni, na safari imekwisha kabla ya kuanza. Ni nafuu kubwa, sina haja ya kuilalamikia. Lakini zipo safari ambazo simu haiwezi kuzifanya.

Kwa mfano mahari. Wazee wanaokwenda kuposa hawapandi bodaboda hata kama ni karibu, kwa sababu wanatakiwa kufika pamoja, wametulia, nguo hazina vumbi. Wanakodi Noah au hata gari la mwalimu. Ng'ombe wa mahari nao wana njia yao. Zamani vijana waliwaswaga usiku na alfajiri ili kulikwepa jua, wakilala kwenye kaya walizoelekezwa. Siku hizi wengi hupakiwa kwenye fuso, na kabla ya kupakiwa ni lazima afisa mifugo aandike kibali. Mjomba wa bibi harusi, mwenye fungu lake katika mahari, hupenda kuwaona ng'ombe wakiingia kwa miguu yao wenyewe, kwa hiyo nimeona fuso likisimama mbali kidogo na kaya, ng'ombe wakashushwa na kuswagwa hatua mia za mwisho kana kwamba wametembea njia nzima. Kila mtu aliliona fuso, na hakuna aliyesema.

Msiba una sheria nyingine: kufika tu, kwa chochote. Hapo hata mshikaki wa watu watatu juu ya pikipiki hausemwi. Mgonjwa naye hubebwa na kinachopatikana, na wengi waliozaliwa hospitali ya Mvumi mama zao walifika kwa mkokoteni wa punda. Punda ndiye chombo cha uwanda ambacho hakuna anayekisifu. Anabeba maji, kuni, magunia ya mtama, mtoto mgonjwa na bibi asiyeweza kupanda pikipiki. Biashara ya ngozi yake ilipokua, punda walianza kuibwa vijijini usiku, na wanawake ndio waliolipa, kwa kurudisha ndoo kichwani. Mwaka 2024, katika mkutano wake wa Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulizuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Sijui mkutano mwingine wa Addis Ababa uliogusa kisima cha kijijini moja kwa moja namna hiyo.

Ila chombo kinachozijua mila za Ugogo kuliko vyote ni basi la kijijini. Linalala kijijini, siyo mjini. Linaondoka kabla ya jogoo wa pili na kurudi mchana au jioni, kwa hiyo dereva na kondakta ni watu wa pale, wanajulikana kwa baba na mama. Siti za mbele ni za wazee na wajawazito bila kuandikwa popote. Anayepanda anasalimia gari zima. Kondakta anashika dawa ya pumu ya mtu wa kijiji cha Huzi, ada ya mtoto aliyeko bweni, chaja ya simu iliyosahaulika, na jogoo aliyefungwa miguu anayepelekwa kwa daktari kama shukrani. Haandiki kitu. Ukimuuliza atakuambia kila kimoja ni cha nani na kinashushwa mti gani. Basi hili husimama kwenye miti, maana vituo rasmi ni vichache, na kila mbuyu wa njia ile una wateja wake.

Masika, basi hilo ndilo linalofundisha subira. Makorongo ya uwandani hukaa mchanga mtupu miezi minane, kisha mvua ikinyesha milimani, hata kama hapa jua linawaka, maji mekundu huja kwa ngurumo. Dereva mwenyeji husimama. Anashuka na wazee wawili watatu, wanaangalia povu, takataka zinazoelea, na rangi ya maji ukingoni. Mzee akisema bado, basi ni bado, hata kama kuna mkubwa wa wilaya ndani. Abiria wanatoa walichobeba, karanga, ubuyu, viazi vya kuchemsha, na kula pamoja. Maji haya haya yameishinda hata reli: mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, ikabidi abiria wa Kigoma waanzie safari Dodoma.

Ndipo ikaja treni ya umeme. Ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai 25, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Agosti 1. Inakimbia kilomita 160 kwa saa. Safari iliyokuwa ikila saa saba hadi tisa barabarani sasa haifiki nne. Watumishi waliohamia Dodoma serikali ilipohama kuanzia 2016 waliipokea kwa shangwe, kwa sababu wengi wao familia zilibaki pwani, na kila Ijumaa jioni walikuwa wakipambana na malori ya barabara ya Morogoro.

Wanakijiji nao wameipenda, hasa kwa misiba. Mtoto aliye Dar es Salaam, akipigiwa simu usiku, anapanda treni ya asubuhi na kumkuta baba yake hajazikwa. Hilo halikuwezekana zamani, na kwa Mgogo ni jambo kubwa kuliko starehe ya kiyoyozi. Hata Igandu, ambako Juni 24, 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma ikagongana na ya mizigo na watu zaidi ya 280 wakafa, sasa kuna stesheni ya reli mpya, na waliowazika ndugu zao wakati ule wanawasindikiza watoto wao kupanda.

Hata hivyo treni hii haijui kupitia kwa mtu. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege. Nimeipanda mara kadhaa, na sijawahi kusikia jogoo akiwika ndani yake. Gunia la uwele, dumu la samli, kiroba cha mlenda mkavu na debe la ubuyu, vitu ambavyo mtu wa Dodoma hawezi kumtembelea ndugu yake bila kuwa navyo, vinampa mashaka hata kabla hajafika kwenye mashine. Mama mmoja wa Chamwino aliniambia kwamba mule ndani alijiona kama amekwenda kutibiwa.

Watu wamepata ufumbuzi wao, na hawakumwomba ushauri mtu yeyote. Mgeni hupanda treni, mzigo hupanda basi. Asubuhi unapelekwa Nanenane, unaandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, na kulipiwa kama kifurushi. Mchana mgeni anashuka stesheni ya Dar es Salaam akiwa na mkoba wa mkononi tu, anafika nyumbani kwa dada yake Kimara, na kwa mara ya kwanza katika ukoo wao mgeni kutoka Dodoma anaingia mikono mitupu. Watoto wanamtazama mikononi. Analazimika kueleza, hata kabla ya kupewa maji, kwamba mzigo uko njiani. Jioni shemeji anatumwa stendi ya Magufuli, Mbezi, kuulizia basi limefika wapi, naye anarudi saa tatu usiku na gunia begani. Mlenda unapikwa usiku huohuo, na hapo ndipo salamu za nyumbani zinapoanza kutolewa.